Vipele vya duara katikati ya dozi ya fangasi, tafadhali msiongeze dawa

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua maana ile makala yenu ya afya kuhusu fangasi wa kucha imenigusa, na kuna kitu kikubwa kimeachwa. Makala yenyewe nzuri, mwandishi kaeleza vizuri kabisa kucha inavyogeuka rangi, inakuwa nene, inamegukameguka, kataja na vidonge vya terbinafini miligramu 250 mara moja kwa siku, wiki 6 kama ni kucha za mikono na wiki 12 kama ni za miguu, halafu kwenye madhara akaishia kwenye tumbo kuvurugika na kichwa kuuma. Mimi ni nesi wa kliniki ya ngozi, nimekaa na hawa wagonjwa miaka mingi, nimeshindwa kunyamaza kwa sababu najua wasomaji wenu wengi watakata ile makala na kwenda nayo famasi.

Kuna watu, wachache lakini wapo, ambao hiyo terbinafini inaamsha kinga ya mwili wao ianze kushambulia ngozi yao wenyewe. Kinachotokea ni aina ya lupasi inayokaa zaidi kwenye ngozi, madaktari waliitenga kama aina inayojitegemea tangu 1979, na taarifa za terbinafini kuileta zilianza kuandikwa kwenye majarida ya madaktari mwishoni mwa miaka ya 1990. Kwa hiyo si habari mpya, na hata ile karatasi ya maelezo inayokuja ndani ya boksi la dawa imeandika kabisa kwamba dawa hii inaweza kuleta lupasi au kuizidisha kwa mtu aliye nayo, na kwamba dalili zikitokea dawa isimamishwe. Nani anaisoma ile karatasi? Maandishi yenyewe madogo kama chawa, na mara nyingi mgonjwa anapewa vidonge vimehesabiwa kwenye bahasha, hiyo karatasi haioni maisha yake yote.

Sasa ubaya ulipo ni huu. Vipele vyenyewe mara nyingi vinakuja kwa umbo la duara. Pembeni kuna ukingo umeinuka una magamba, katikati panabaki pamesafika, ukimwonyesha mtu yeyote atakwambia hiyo choa au mba, hana hata haja ya kufikiri. Na mgonjwa mwenyewe si anajua tayari ana fangasi? Si ndo maana anakunywa vidonge? Basi anaona fangasi wametoka miguuni wamepanda hadi kifuani, anaona dawa haina nguvu, anarudi kuomba ya nguvu zaidi, au anaongeza kidonge cha pili mwenyewe usiku, au anaambiwa malizia dozi usikatishe. Kila kidonge anachomeza kinachochea moto na yeye anaamini anauzima. Hapo ndo panaponiuma mimi, maana tiba inaonekana kama ugonjwa na ugonjwa unaonekana kama sababu ya kuongeza tiba.

Niwaambie kuhusu mama mmoja aliyefika kwetu, jina simtaji. Alianza vidonge kwa ajili ya kucha za vidole gumba vya miguu, mwezi wa kwanza hana shida, mwezi wa pili ukiwa umeanza akaona madoa kwenye mabega na sehemu ya juu ya mgongo, yakawa mapana, yakashikana yakawa kama ramani. Huko alikokuwa anachukulia dawa wakamwambia ni fangasi wamesambaa, wakamuongezea na krimu ya mchanganyiko, ile yenye dawa ya fangasi na ya bakteria na steroidi kali, ile ya kutuliza uvimbe, humohumo. Krimu ikatuliza kidogo kwa sababu ya steroidi, naye akaona kumbe kweli ni fangasi, akaendelea na vidonge. Alipofika kwetu kifua chote na mikono kwa nje imejaa, na amechoka, viungo vinamuuma, halali vizuri, na ameanza kujitenga na watu kwa sababu kila mmoja anaogopa kuambukizwa. Huyo mama alikuwa haambukizi mtu yeyote. Daktari akakwangua magamba, yakaangaliwa kwenye hadubini, hakuna fangasi. Ikakatwa nyama ndogo ya ngozi, ikapimwa na damu, ikaonekana lupasi ya ngozi na antibodi za anti-Ro, yaani silaha za kinga zinazoshambulia protini ya mwili wenyewe, nitaieleza mbele. Vidonge vikasimamishwa siku hiyohiyo.

Alipona, ndiyo, lakini haikuwa wiki moja. Na hili watu wajue mapema wasikate tamaa: terbinafini inapenda mafuta, inajikusanya kwenye ngozi na kwenye kucha na kwenye mafuta ya mwili, ndo maana ni dawa nzuri ya kucha, inabaki mle kwenye kucha ikifanya kazi hata ukishamaliza vidonge. Ila tabia hiyohiyo inageuka tatizo mwili ukiikataa, huwezi kuitoa kwa siku mbili. Vipele vinachukua wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, ndo viishe. Kwa kawaida haviachi kovu la kuchimbika ila vinaweza kuacha mabaka yenye rangi tofauti yanayokaa muda.

Nieleze basi mtu atawezaje kushtuka mapema, ingawa kujipima kwa macho peke yake hakutoshi. Cha kwanza ni wakati. Mara nyingi hivi vipele vinaanza wiki chache baada ya kuanza vidonge, mpaka miezi miwili hivi, yaani ni ndani ya dozi. Kama ulianza dawa huna kitu kifuani na sasa kipo, jiulize. Cha pili ni mahali, na hiki mimi ndo nakiangalia kabla ya kitu chochote: lupasi hii inapenda ngozi inayopigwa na jua, pale kwenye uwazi wa shingo na kifua, mabega, mgongo juu, mikono upande wa nje, na inakuja pande zote mbili zikilingana, ukimvua mtu shati unaona kabisa mstari nguo inapoanzia na vipele vinapokomea. Fangasi hawana habari na jua, wao wanapenda penye joto na unyevu, kinenani, kwapani, chini ya matiti, katikati ya vidole, na wanaanza upande mmoja kidogo kidogo wanatambaa. Cha tatu ni kuwasha. Fangasi wanawasha sana mtu anajikuna mpaka damu, lupasi ya ngozi mara nyingi inawasha kidogo au haiwashi kabisa, watu wengine wanasema inaunguza wakikaa juani.

Kwa ngozi nyeusi msisubiri kuona wekundu. Picha nyingi zinazoonyeshwa zinatoka kwa watu weupe, unaona duara jekundu linawaka, kwetu sisi linaweza kuwa la kahawia iliyoiva, au la zambarau, au doa jeusi lenye magamba juu, na kuna ambao magamba yao hayana duara lolote, yanafanana na soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi wa magamba mazito usioambukiza. Halafu hiyo soriasisi yenyewe nayo inaweza kuamshwa au kuzidishwa na terbinafini, kwa hiyo mwenye soriasisi amwambie daktari kabla hajaandikiwa.

Kwa nini jua? Ndani ya seli zetu kuna protini inaitwa Ro, kwa kawaida imejificha mle ndani kinga haikutani nayo. Mionzi ya jua ikipiga ngozi inaisogeza hiyo protini mpaka juu ya seli, na kama damu ya mtu ina antibodi zinazoitafuta Ro zinaikuta hapo wazi na mashambulizi yanaanza. Watafiti wengi wanaona kwamba dawa inamkuta mtu ambaye tayari kinga yake ina mwelekeo huo bila yeye kujua, dawa inamsukuma tu. Ndo maana wawili wanaweza kunywa vidonge vya boksi moja, mmoja kucha zikapona vizuri kabisa na mwenzake akaishia kwetu. Na wengi walioripotiwa kupata hili ni wanawake.

Kuna utafiti ulifanyika Uswidi ukachapishwa 2012, walichukua watu 234 wenye lupasi ya aina hii wakaangalia dawa walizopewa miezi ya kabla ya kugundulika, wakawalinganisha na watu wengine wasio na ugonjwa. Terbinafini ndo ilikuwa na uhusiano mkubwa zaidi, na dawa nyingine zilizoonekana ni pamoja na baadhi ya dawa za kifafa na zile za kupunguza asidi tumboni kama omeprazoli. Naitaja hiyo ya mwisho kwa makusudi kwa sababu watu wanazinywa kila siku bila kuhesabu kama dawa, na daktari akikuuliza unatumia dawa gani unasema moja tu kumbe ni tatu. Taja zote.

Nisieleweke vibaya. Terbinafini ni dawa nzuri, watu wengi mno duniani wameinywa wakapona na hili limewatokea wachache sana, sitaki mtu mwenye mapunye sugu kichwani au fangasi waliomla kucha zote aogope na kukaa na mateso. Wala msikimbilie kusema basi nitumie grisiofulvini ile ya zamani, ipo tangu mwisho wa miaka ya 1950, hiyo nayo inaweza kufanya ngozi isivumilie jua na inaweza kuchochea lupasi kwa mwenye nayo. Kila dawa ina upande wake. Ninachotaka ni mtu apewe taarifa kabla hajameza.

Na apimwe kabla hajameza! Hapa nitakaa kidogo. Kucha mbovu sio lazima iwe fangasi, karibu nusu ya kucha zinazoharibika zina sababu nyingine, kiatu kinachobana, kuumia zamani, soriasisi, umri tu. Kukwangua kucha na kuangalia kwenye hadubini kwa potasiamu haidroksaidi ni kipimo rahisi, hakihitaji mashine kubwa, lakini watu wanaandikiwa miezi mitatu ya vidonge kwa kutazamwa mguu sekunde chache. Sasa fikiria mtu anapata lupasi kwa sababu ya dawa ya fangasi ambao hakuwa nao hata siku moja. Hiyo mimi siwezi kuikubali. Na kwa nini tusimwambie mwenye kucha moja au mbili tu kwamba ipo dawa ya kupaka kwenye kucha? Ndiyo, inachelewa na haiponyi wengi kama vidonge, ila inaingia kwenye damu kidogo mno. Kucha ya kidole gumba cha mguu yenyewe inahitaji mwaka mpaka mwaka na nusu kuota upya yote, kwa hiyo haraka inatoka wapi.

Kabla ya vidonge daktari anatakiwa pia aangalie ini kwa kipimo cha damu, hilo wengi wanalijua. La kuongeza ni maswali yasiyo na gharama yoyote: umewahi kuambiwa una lupasi, wewe au ndugu wa damu? Ngozi yako inatoka vipele ukikaa juani? Macho na mdomo vinakauka siku zote? Viungo vinavimba asubuhi? Umewahi kupoteza mimba au kuzaa mtoto mwenye tatizo la mapigo ya moyo? Akijibu ndiyo hapo daktari afikirie mara mbili.

Hilo la mimba sikulitaja hivihivi. Antibodi za anti-Ro zinaweza kubaki kwenye damu hata vipele vikishaisha, na zinapita kwenye kondo la nyuma kwenda kwa mtoto, na kwa mama mwenye nazo karibu mimba 1 hadi 2 katika kila 100 mtoto anapata hitilafu kwenye njia ya umeme wa moyo, moyo unapiga polepole mno. Ni idadi ndogo lakini kwa mwanamke anayetegemea kuzaa ni habari anayopaswa kuwa nayo kwenye faili lake, ili akija kupata mimba moyo wa mtoto ufuatiliwe mapema. Nimeona wanawake wamepona ngozi wakaondoka, hakuna aliyewaambia hata neno moja juu ya hilo.

Sasa mtu ameona duara afanye nini. Asimamishe terbinafini na aende kwa daktari siku hizohizo akiwa na boksi la dawa mkononi, asipake krimu ya steroidi kabla hajakwanguliwa, maana steroidi ikipakwa juu ya fangasi wa kweli inawaficha, wanapoteza umbo lao na kusambaa chinichini, na ikipakwa juu ya lupasi inaituliza nusu, kwa hiyo anayekupima anakuta picha iliyochafuka. Kusimamisha dawa ya kucha hakumuui mtu, kucha itasubiri. Lakini tafadhali, hii ruhusa ni ya dawa ya fangasi wa kucha peke yake. Dawa ya kifua kikuu ya isoniazidi nayo inaweza kuleta lupasi, ya aina nyingine, ile ya homa na viungo kuuma, na kuna dawa za presha na za kifafa kwenye orodha hiyo pia, hizo usiziache mwenyewe hata kidogo, nenda kaongee na daktari akubadilishie.

Daktari naye simlaumu akifikiria kwanza fangasi sugu, kwa sababu kweli siku hizi wapo, kuna aina inaitwa Trichophyton indotineae ilielezwa 2020, wengi wao hawasikii terbinafini na wanajaza mwili mzima maduara makubwa. Kwa hiyo mtu mwenye maduara yanayoongezeka akiwa kwenye terbinafini anaweza kuwa na moja kati ya vitu viwili ambavyo tiba zake zinapingana kabisa, mmoja anahitaji dawa nyingine ya fangasi na mwingine anahitaji kuacha dawa. Macho hayatoshi hapo. Kwangueni. Na kama hakuna fangasi, damu ipimwe ANA, yaani antibodi zinazoshambulia viini vya seli za mwili wenyewe, na anti-Ro, ngozi ikatwe kipande, mkojo uangaliwe kama kuna protini ili tujue figo ziko salama. Ikithibitika, wengi wanapona kwa kuacha dawa, kujikinga na jua kwa nguo ndefu na kofia na losheni ya kukinga mionzi, na krimu ya steroidi ambayo sasa inapakwa kwa sababu inayoeleweka, wachache wanahitaji haidroksiklorokwini au vidonge vya steroidi kwa muda.

Kuna dalili ambazo hazisubiri kesho, hizi nazisema haraka. Ngozi inauma na kuchubuka kama imeungua, malengelenge, vidonda mdomoni au machoni au sehemu za siri, au homa kali na ngozi imejaa vijipu vidogo vidogo vya usaha kwa mara moja, hiyo ni hospitali usiku huohuo. Terbinafini inaweza kuleta hayo pia, kwa nadra sana.

Mhariri, ombi langu kwenu ni dogo. Mkiichapisha tena ile makala, au mkiandika nyingine ya fangasi, ongezeni mistari michache tu pale kwenye dozi: vipele vipya kifuani, mabegani au mikononi ukiwa unakunywa vidonge, simamisha, nenda ukapimwe, usiongeze. Na ndugu zangu wa famasi ninyi ndo mnaonwa kwanza kuliko sisi, mtu akirudi dirishani na kusema fangasi wamepanda juu na yuko kwenye wiki ya sita ya terbinafini, kabla hamjampa boksi la pili muombeni akunje mkono wa shati muone vipele vinapokomea. Na kwa yule ambaye imeshamtokea, iandikwe kwenye kadi yake ya matibabu kwa maandishi makubwa kwamba terbinafini asipewe tena, kwa sababu miaka mitano ijayo kucha itamsumbua tena na atakayemhudumia atakuwa mtu mwingine.

Wenu,
Nesi wa kliniki ya ngozi